Usikalie Kiti

Jumamosi, 4 Agosti 1956

Nimechoka kusimama! Mkutano wa warina asali leo umekwenda mpaka jua likawa kali, na mimi nimesimama nyuma kama mlinzi wa ghala. Wakaniambia Zefania, kaa. Nikawajibu kwamba kiongozi wa kweli hukaa baada ya watu wake wote kukaa. Wakapiga makofi. Hawajui kwamba nina uvimbe kwenye tako la kushoto, mkubwa kama yai la kanga, na nikiukalia naona nyota mchana kweupe.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimo ndani ya kaptura.

Habari kubwa: Chama chetu cha Warina Asali kitachagua mwenyekiti Jumamosi ijayo, shuleni, mbele ya bwana wa ushirika atakayetoka Singida. Na kiti kimekwisha kufika! Fundi wa misheni amekitengeneza kwa mninga, kina mikono miwili na mgongo mrefu. Wamekiweka mbele ya ubao, chini ya picha ya Malkia, ili tukitazame. Nimekitazama. Tangu nizaliwe sijaona kitu kinachonifaa kama kile. Baba yangu alikalia kigoda, babu yangu alikalia kigoda. Mimi nimeumwa na nyuki kila mahali ambapo nyuki anaweza kufika, na hakuna aliyewahi kuniita hata mjumbe. Nikifa leo, watakaochimba kaburi watasema alikuwa mtu wa kelele, basi. Sitaki! Nataka kile kiti.

Mpinzani ni mmoja, Andrea. Ana mizinga mingi kuliko mimi, na anaongea polepole mpaka watu wanadhani ni hekima. Kibaya zaidi ni mwema. Alipolisikia jina langu linatajwa, akaja kunipa mkono na kunitakia heri. Ujanja mtupu. Mtu mwenye moyo safi angenichukia waziwazi.

Lakini mwenyekiti asiyeweza kukaa ni mwenye nini? Yunisi, mke wangu, amesema mficha maradhi kifo humuumbua, niende hospitali ya misheni wiki hii hii. Anasema wanamkata mtu asubuhi na jioni yuko kwake. Nimekubali, kwa sharti kwamba hapa kijijini asijue hata kuku. Yunisi amecheka. Sioni cha kuchekesha.

Jumapili, 5 Agosti

Kanisani nimekaa kwa tako moja ibada nzima. Mahubiri yalihusu uvumilivu. Mchungaji alikuwa ananitazama mimi tu! Baada ya ibada Andrea akaniletea mto kutoka kwake, akasema ameona benchi zinanisumbua. Mbele ya watu! Nikamwambia mto ni wa vikongwe na wazazi. Akaniomba radhi. Hata kuomba radhi kwake kuna majivuno.

Siku haikupotea hata hivyo. Nimeuliza kanuni za ushirika, na zina utamu wake. Mgombea anapendekezwa na mtu mmoja, halafu mtu mwingine lazima asimame na kumuunga mkono. Akikosa wa kumuunga mkono, jina lake linafutwa. Linafutwa kabisa! Mimi nimempanga shemeji yangu Filipo, kaka yake Yunisi. Filipo atafanya lolote akishashiba.

Kwa upande wa Andrea nimetumia akili. Nimepita nyumba baada ya nyumba, nikatoa shikamoo kwa wazee mpaka mgongo ukaniuma, na kila nilipokaribishwa nimesema jambo moja: Andrea ana watu tele wa kumuunga mkono, wanakaribia kugombana, basi ninyi tulieni tu, msije mkaleta vurugu mbele ya mgeni. Wote wakaitikia kwamba ni kweli, vurugu si nzuri. Nawajua watu wetu. Kusimama mbele ya mkutano ni adhabu kwao hata kwa jambo jema. Kila mmoja atamngoja mwenzake, na jina la Andrea litafutika katikati ya ukimya.

Si uongo huo. Ni mpango.

Jumatatu, 6 Agosti

Balaa! Hospitali nimekwenda. Daktari Mzungu akanibonyeza, nikaruka, akasema kesho asubuhi. Mpaka hapo sawa. Lakini anayetoa maagizo kwa wagonjwa ni dresa, yule msaidizi wake wa kufunga vidonda, na dresa mpya ni Marko. Marko, mtoto wa shangazi yangu! Mtani wangu!

Tumetaniana tangu tunachunga mbuzi. Alipofiwa na baba yake, mimi ndiye niliyejilaza ndani ya kaburi nikakataa kutoka mpaka nipewe jogoo, kama inavyompasa mtani. Watu walicheka huku wanalia, Marko mwenyewe akacheka. Lakini najua tangu siku ile ananiwinda. Neno lolote litokalo kinywani mwake lazima nilipime: hili ni dawa, au ni utani?

Kwanza akauliza kama nimekuja kukatwa tako au kupunguzwa majivuno. Halafu akakunja uso na kuyamwaga maagizo yote kwa sauti moja. Nioge, nije na shuka safi. Nije na jogoo mzima, kwa sababu dawa ya usingizi humpeleka mtu mbali sana, na Mnyiramba kama mimi akiwa mbali hasikii sauti nyingine ila ya jogoo wa kwao. Na kuanzia jua kuzama nisile wala nisinywe kitu chochote.

Nimeyachambua njia nzima. Kuoga ni dawa, hapana shaka. Jogoo ni dawa, tena inaingia akilini, maana mimi kila siku naamshwa na jogoo. Lakini kutokula! Hapo mtani amejisahau. Nani anampeleka mtu kwenye kisu na tumbo tupu? Hata mbuzi wa Krismasi hulishwa kwanza. Marko anataka nianguke njiani apate la kusimulia miaka yote. Thubutu!

Ila sitaki kumdanganya Daktari, mimi ni mtu wa kanisa. Kwa hiyo alfajiri nitachukua bakuli la asali. Asali hailiwi wala hainywewi. Asali hulambwa. Na masega hutafunwa, nta ikatemwa. Dhambi iko wapi?

Jumanne, 7 Agosti

Fedheha! Nimefika safi, na shuka langu, na jogoo wangu kwapani. Daktari akauliza jogoo ni wa nini. Marko akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Nikaeleza vizuri juu ya umbali na sauti ya kwetu. Daktari Kiswahili chake ni cha Agano la Kale, akadhani nimeleta sadaka, akashukuru. Marko akampokea yule jogoo upesi sana. Jogoo sijamwona tena.

Daktari akauliza nimekula? Sijala. Nimekunywa? Sijanywa. Kweli tupu, mbele ya Mungu. Wakanilaza, wakanifunika pua kwa kitambaa chenye harufu ya ajabu, na chumba kikaanza kuondoka.

Yaliyofuata nimeyasikia tu. Wanasema nilitapika bakuli zima la asali juu ya viatu vya Daktari. Wanasema kidogo tu ingeniingia kifuani nife palepale mezani, na kwamba walinigeuza na kunipiga mgongoni mpaka nikapumua. Daktari alisema maneno ya kwao ambayo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Nimeamka uvimbe uko palepale, na nyuki wameanza kuzunguka mlango wa hospitali.

Marko akaja kuuliza kwa nini nilikula. Nikamfafanulia kwamba asali hulambwa. Hakunitania. Marko kukosa utani! Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba, ndugu yangu, ungenifia mikononi, ningekwenda kumwambia nini mama? Macho yake yalikuwa mekundu. Yule mtu anajua kuigiza, lazima nikiri.

Nitakatwa Alhamisi. Alhamisi! Uchaguzi ni Jumamosi! Na wa kulaumiwa ni nani? Ni aliyechanganya agizo la kweli na jogoo. Mimi ningejuaje?

Jumatano, 8 Agosti

Mimi ni mfungwa. Marko amekuja mpaka hapa nyumbani kumweleza Yunisi kila kitu.  Marko alipoondoka, Yunisi akasema, Baba Damari, unataka kuniacha mjane kwa ajili ya kulamba? Nikamwambia asiingilie mambo ya watu wazima. Akahamisha vyungu vyote kwa jirani yetu Mama Stumai. Akahamisha na kibuyu cha asali. Akahamisha hata chumvi! Kisha akaketi mlangoni na mkeka wake wa kusuka. Nikamkumbusha kwamba mwenye nyumba hii ni mimi. Akajibu kwamba mwenye nyumba akalale.

Mama Stumai amepika kuku. Kwa makusudi. Harufu inapenya ukutani.

Jioni Andrea akapita kunijulia hali, mkononi ana mayai ya kuchemsha. Yunisi akayapokea, akashukuru, akayakalia. Andrea akaona nimenyong'onyea, akauliza nina nini. Nikamwambia nafunga na kuomba kwa ajili ya Chama. Akainamisha kichwa. Akasema yeye hata wazo la kufunga halikumjia, na huenda mimi ndiye ninayefaa kuliko yeye. Nilifurahi sana. Kisha nikamshuku. Mtu hawezi kusema hivyo bure.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimekatwa! Wamenionyesha kitu chenyewe ndani ya kopo, cheupe kama mafuta ya kondoo. Nimeamka mwenyewe, bila jogoo, kwa hiyo suala la jogoo nitalifufua nikipona.

Marko akatoa maagizo, na safari hii tena kwa sauti moja. Nisiloweshe kitambaa. Nilale kifudifudi. Kila asubuhi niuamkie mshono shikamoo, kwa kuwa umeshonwa na mkono wa mtu mkubwa. Na mpaka nyuzi zitolewe, Jumatatu ya tarehe ishirini, nisikalie kiti.

Nisikalie kiti!

Alisema hivyo bila hata kutabasamu! Anajua fika ninagombea nini, wilaya nzima inajua, na yeye anasimama mbele ya manesi ananiambia nisikalie kiti mpaka tarehe ishirini! Huo ni utani wa waziwazi, hata mtoto mchanga angeutambua. Nikamwambia kiti nitakikalia Jumamosi, atake asitake. Akashika kichwa.

Safari ya kurudi ndiyo iliyoniua. Filipo alileta gari la ng'ombe. Nililazwa kifudifudi, nikajifunika shuka gubigubi ili nisitambulike. Basi tulipofika karibu na shule, wanawake waliokuwa wanatoka kisimani wakaona gari, wakaona shuka jeupe, wakamwona Filipo anaongoza ng'ombe kwa huzuni (alikuwa na njaa tu), wakaangua kilio. Watu wakatoka majumbani. Mzee Gasto, msemaji wetu wa mazishi, akaanza kusema wasifu wangu! Nikatega sikio. Alisema nilikuwa mtu wa kelele. Akaishia hapo!

Nikainua kichwa nikawasabahi. Wawili walikimbia. Andrea alikuwa amevua kofia, na mashavu yake yalikuwa na machozi. Akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia sina kitu, nimelala hivi nasikiliza gurudumu, lina kasoro. Akaniamini. Mtu kama huyo ataongozaje Chama?

Ijumaa, 10 Agosti

Maumivu matupu. Nimelala kifudifudi mpaka pua imelegea. Asubuhi niliuamkia mshono shikamoo, kwa tahadhari tu, maana huenda hilo lilikuwa la kweli. Haukuitika, na wala sikutegemea. Lakini Yunisi alinisikia, akauliza naongea na nani. Nikasema nasali. Akauliza tangu lini Mungu anakaa huko.

Jambo moja linanikera kuliko yote: mshono umezaliwa jana, mimi nina mvi. Kama kuna wa kuamkiwa, ni mimi.

Nimejaribu kukaa. Sikuweza. Nimejaribu juu ya gunia la uwele, juu ya ngozi, juu ya godoro la Damari, binti yangu. Nililia kidogo, nasema kweli, na si kwa sababu ya kidonda. Nilifikiria kile kiti pale shuleni, na Andrea ameweka viwiko vyake juu ya mikono ya kiti. Miaka yote hii! Nimewatafutia watu wa hapa mahali pa kutundika mizinga, nimewaonyesha jinsi ya kufukiza moshi, na wanachokumbuka ni kelele.

Kisha nikaiona ngata. Ngata ya Yunisi, ile anayoweka kichwani akibeba mtungi! Mviringo, laini, na tundu katikati. Nikaiweka chini, nikashuka juu yake taratibu, mshono ukakaa tunduni bila kuguswa na kitu. Nimekaa! Nimekaa kama jumbe! Kama bibi zetu wangekuwa na akili kama yangu, ngata isingeishia kichwani.

Nitaivaa ndani ya kaptura, na koti juu. Kwa Marko, salamu zangu.

Jumamosi, 11 Agosti

Naandika nikiwa nimepiga magoti. Sitaki kuandika. Lakini haki lazima iwekwe mahali.

Shule ilijaa mpaka madirishani. Bwana wa ushirika ni mtu wa miwani, mkali wa kanuni, moyo wangu ukampenda. Alituweka mimi na Andrea kwenye benchi mbele ya watu, na Filipo pembeni yangu. Andrea akasisitiza nikae upande ulio karibu na kiti. Nilishuka juu ya ngata yangu mbele ya mkutano mzima, polepole, kwa heshima. Yunisi alikuwa dirishani. Akakitazama kichwa cha mwanamke aliyekuwa karibu naye amebeba mtungi, akanitazama mimi, akafunga macho.

Bwana yule akaeleza kwamba anayemuunga mkono mgombea asimame na aseme ee kwa sauti, mkutano wote usikie. Jina langu likaja kwanza. Filipo akasimama akasema ee. Likaandikwa. Halafu Mzee Gasto akampendekeza Andrea, kwa hotuba ndefu zaidi ya ile aliyonifanyia mimi nikiwa maiti.

Bwana akauliza nani anamuunga mkono Andrea.

Kimya! Huyu akamtazama huyu, yule akamtazama yule. Wote wanawangoja wale watu tele. Akauliza mara ya pili. Mtu akakohoa, basi. Andrea akatazama miguu yake. Ukimya ule ulimwuma, nikaona, na mimi mwenyewe kitu fulani kikanigusa hapa kifuani, lakini nikakitazama kiti na kikapita. Bwana akanyanyua kalamu. Akasema anauliza kwa mara ya mwisho, kisha anafuta.

Na Filipo, yule mpumbavu, akashindwa kuizuia furaha yake. Akajitupa nyuma kwenye benchi kwa kicheko. Benchi likayumba. Ngata ikateleza ndani ya kaptura. Mimi na uzito wangu wote tukashuka juu ya mshono.

Nilipaa. Sijui jinsi nyingine ya kusema. Nilisimama wima kuliko nilivyowahi kusimama, mikono juu, na sauti iliyonitoka ilisikika mpaka kwenye kisima.

EEEEEEE!

Bwana wa ushirika akaandika. Nikajaribu kufungua kinywa kumkatalia, kikatoka kilekile: Eeee! Eeee! Akasema inatosha, mara moja ilitosha, amenisikia.

Halafu shule ikalipuka. Makofi, vigelegele, watu wanapanda juu ya madawati! Mpinzani amemwunga mkono mpinzani wake! Mzee Gasto akasema tangu utawala wa Mjerumani hajaona moyo kama huu. Andrea akanikumbatia, analia, akaniambia sikioni kwamba hatanisahau mpaka kufa. Na mimi nilikuwa nalia, na watu wakaona tunalia wote wawili, wakazidi kushangilia.

Kisha wakapiga kura kwa mikono. Mikono yote ikamwinukia Andrea. Walisema kama Zefania mwenyewe anamtaka, sisi ni nani? Filipo naye aliinua mkono! Nilimwona! Nilipomwuliza baadaye akasema alidhani tumebadili mpango.

Andrea akaenda akakikalia kile kiti. Kilimfaa. Hilo liliniuma kuliko nyuzi, na nyuzi zilikuwa zimefumuka, damu imefika kwenye soksi. Andrea alipoiona akavua koti lake akanifunika, akaamuru gari la ng'ombe. Amri yake ya kwanza kama mwenyekiti, na mwenye kubebwa ni mimi.

Jumapili, 12 Agosti

Daktari amenishona upya. Hakuzungumza nami. Alimwambia Marko aniulize kama safari hii pia nimelamba kitu.

Baada ya hapo Marko akawatoa manesi nje, akakaa karibu na kichwa changu. Akasema leo ameuvua utani, ananiambia kama ndugu: nyuzi zikifumuka tena, kidonda kitaoza na hawataweza kunisaidia. Nisikalie kiti chochote mpaka yeye mwenyewe azitoe. Akaapa kwa kaburi la baba yake.

Kwa kaburi lile! Lile nililolala mimi! Nilimtazama usoni, na hata jicho halikumcheza. Ama kweli mtani hutania hata kwa kaburi. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, ili tu aniache nilale.

Nasikia Mchungaji amehubiri leo juu ya unyenyekevu, na amenitaja kwa jina. Yunisi amekuja na uji kuniambia. Alinilisha mwenyewe kwa kijiko, nimelala hivi kifudifudi, akanifuta mdomo, akasema Baba Damari, kwangu umetosha hata bila kiti. Nilimshukuru. Lakini yeye hana kura.

Jumatano, 15 Agosti

Hali si mbaya hata kidogo! Tangu asubuhi nimepata wageni. Kila anayeingia ananiita mtu wa amani. Wazee wamekuja, wazee hasa, kunishika mkono hapa nyumbani, mkekani nilipolala. Kumbe jina langu limekua!

Na kuna habari. Shule itaunda kamati Ijumaa hii, na kamati ni lazima iwe na mwenyekiti. Anayetajwa ni Mzee Gasto peke yake. Mzee Gasto! Hajui kusoma, na hotuba zake za mazishi ni fupi. Nikauliza kanuni. Ni zilezile: mmoja anapendekeza, mmoja anaunga mkono, asipopatikana jina linafutwa. Safari ile mpango haukuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la benchi. Kwa hiyo leo napita kila nyumba kuwaeleza watu kwamba Mzee Gasto ana waungaji mkono tele, watulie tu.

Kutembea bado ni kwa shida, na nyumba zimetawanyika. Nilimtuma Damari kwa Andrea, na Andrea, kwa ule wema wake usiokoma, ameniazima baiskeli. Iko nje, nimeiegemeza ukutani. Yunisi yuko kisimani, na itabidi niondoke kabla hajarudi, maana atanisomea maneno ya Marko.

Na maneno ya Marko nayakumbuka vizuri, hakuna haja ya kusomewa. Alisema nisikalie kiti. Basi, sikalii kiti. Baiskeli haikaliwi. Baiskeli hupandwa.